Mnunuzi wa Vipimo Ndiye Anayelipa Zaidi

Kila mwaka Sabasaba ikikaribia, mabango ya punguzo hujaa Barabara ya Kilwa hadi ndani ya viwanja vya maonyesho, na kila banda hutangaza bei za Sabasaba, kuanzia sufuria mpaka magodoro. Ukifika Novemba yanakuja mabango mengine, ya ile Ijumaa ya mauzo iliyotoka Marekani. Desemba ni ofa za sikukuu, na mwezi wa Ramadhani ni ofa za tende na unga wa ngano. Ukiyafuata mabango hayo utadhani kwamba familia ya Dar es Salaam inayotaka kubana matumizi inachokosa ni taarifa tu za wapi kuna ofa na inaisha lini.

Sikubaliani na wazo hilo. Fedha nyingi za jikoni katika jiji hili hazipotei kwa sababu mtu amepitwa na ofa. Zinapotea kwenye kipimo cha mafuta cha mia tano, kwenye nusu robo ya sukari, kwenye kopo la mkaa na kipande cha sabuni. Na anayezipoteza ni yule ambaye hana za kupoteza.

Tuanze na kuponi, yaani vikaratasi vya punguzo, maana ndizo watu wengi wanazoziona kwenye video za akina mama wa Marekani wanaotoka dukani na toroli lililojaa wakiwa wamelipa nusu ya bei. Kule kuponi zina zaidi ya miaka 100. Coca-Cola ilianza kugawa vikaratasi vya glasi moja ya bure mwishoni mwa miaka ya 1880, na baadaye C. W. Post akatoa kikaratasi cha punguzo la senti moja kwa nafaka zake za kifungua kinywa. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndio uliozifanya kuwa silaha ya kila nyumba. Utaratibu wake ni huu: kiwanda kinachapa kuponi, mnunuzi anaikata gazetini au kuipakua kwenye simu, duka linampunguzia bei, halafu kiwanda kinalirudishia duka ile tofauti pamoja na malipo kidogo ya usumbufu. Duka halipotezi kitu. Kiwanda nacho kinajua kinachofanya, kwa sababu kuponi ni njia ya kuuza bidhaa moja kwa bei mbili. Mwenye haraka analipa bei kamili, na aliye tayari kutumia muda wake kukata na kupanga vikaratasi analipa bei ya chini.

Ili hayo yawezekane lazima kuwe na kitu kimoja ambacho sisi hatuna, nacho ni bei iliyoandikwa, ileile kwa kila anayeingia. Punguzo ni hesabu ya kutoa, na huwezi kutoa kama hujui unatoa kutoka kwenye nini. Kariakoo bei ya kwanza anayoitaja muuzaji ni mwanzo tu wa mazungumzo. Anasema 60,000, unasema 30,000, mnakutana 40,000, na wote wawili mnaondoka mkiamini mmefanya biashara nzuri. Kazi ambayo Marekani inafanywa na kuponi, ya kumtenganisha mwenye muda na asiye na muda, hapa tunaifanya kwa mdomo na kwa miguu. Anayeweza kuzunguka maduka sita ya Mtaa wa Kongo na kubishana katika kila moja anapata bei ya chini kuliko mfanyakazi anayepita saa kumi na moja jioni akiwahi mwendokasi.

Ndiyo maana ile karatasi ya "ilikuwa 60,000, sasa 35,000" naitazama kwa mashaka kila ninapoiona. Nani aliwahi kulipa hiyo 60,000? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lakini udanganyifu wa bei unathibitishwa kwa kumbukumbu, na kwenye duka lisilo na bei iliyobandikwa na linalokwepa risiti hakuna kumbukumbu ya kuangalia. Wauzaji wa Instagram wamelipeleka jambo hili mbele zaidi: picha nzuri, maelezo marefu, halafu "bei njoo inbox". Bei iliyofichwa humwezesha muuzaji akutazame kwanza ndipo aamue utalipa ngapi.

Walikuwapo waliojaribu kutuletea mfumo wa bei moja na punguzo la wazi. Maduka makubwa ya kutoka nje yalifika kwa kishindo, na baadhi yake hayakudumu: Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikafuata baadaye. Jumia, duka la mtandaoni ambalo lilikuwa likituma misimbo ya punguzo kwenye simu, liliondoka nchini Novemba 2019. Kila moja lilikuwa na matatizo yake ya ndani, na sitaki kuyaweka yote kwenye kapu moja. Ila maduka makubwa yaliyopo leo yanahudumia sehemu ndogo ya wakazi, hasa upande wa Masaki, Mikocheni na maeneo ya namna hiyo, na kadi zao za pointi zinampa nafuu mtu ambaye tayari ana gari la kubebea na friji ya kuhifadhia. Akipata ofa ya nunua mbili upate ya tatu, ana fedha ya kununua hizo mbili. Ni haki yake, na sina ugomvi naye. Ushauri wangu kwake ni mfupi: angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kushangilia, maana ofa nyingi huwekwa kwenye bidhaa inayokaribia kuisha muda, na usinunue kwa punguzo kitu ambacho usingekinunua bila punguzo. Ukikopa kwenye simu ili uwahi ofa, riba itakula punguzo lote.

Sasa twende anakonunua mtu wa Mbagala, Manzese, Buza au Gongo la Mboto.

Chukulia dumu la mafuta ya kula la lita 20 linapatikana duka la jumla kwa shilingi 100,000. Natumia namba za duara ili hesabu ionekane, kwa sababu bei yenyewe hupanda na kushuka. Hapo lita moja ni 5,000. Kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, mafuta yaleyale yanapimwa kwa kikopo cha 500. Kikopo hicho kikiwa na mililita 70, lita moja inafika karibu 7,150. Hakuna bango la Sabasaba linaloigusa tofauti hiyo. Familia inayonunua vikopo viwili kwa siku inatumia 30,000 kwa mwezi, na mafuta hayo hayo kwa bei ya dumu yangekuwa 21,000. Tofauti ni 9,000 kila mwezi, sawa na 108,000 kwa mwaka. Familia hiyo inalipa dumu zima kila mwaka na haliletwi nyumbani.

Usiziamini namba zangu, pima za dukani kwako. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, uwe unamimina humo mafuta ya kila siku na kuhesabu vikopo mpaka ijae. Zidisha kwa bei ya kikopo, kisha mara mbili, umepata bei ya lita. Fanya hivyohivyo kwa mkaa, ukihesabu makopo yanayoingia kwenye gunia. Fanya kwa sabuni ya kipande ukilinganisha na mche mzima, na kwa sabuni ya unga ya pakiti ndogo ukisoma gramu zilizoandikwa kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Hizo gramu zisome hata kama hununui, kwa sababu viwanda vimejifunza kupunguza uzito na kuiacha bei palepale, na mteja hushtukia tu kwamba pakiti haifikishi wiki kama zamani.

Kwenye makala za namna hii mshauri hufika hapa na kusema: basi nunua kwa jumla. Ushauri huo ni sahihi kwa hesabu na hauna maana kwa maisha, na unaniudhi kwa sababu unamgeuza maskini kuwa mjinga. Mtu hanunui kikopo kwa kutojua hesabu. Ananunua kikopo kwa sababu leo ameingiza 8,000, na katika hiyo kuna nauli, kuna chai ya watoto ya kesho, kuna mchezo wa wiki, yaani upatu. Kipato cha siku kinazaa manunuzi ya siku. Zaidi ya hapo, chumba kimoja cha kupanga hakina pa kuweka gunia. Kiroba kikiwepo ndani unga unaliwa haraka zaidi, mkono unakuwa mwepesi, na jirani akija kuomba kibakuli huwezi kusema huna wakati anakiona. Dona nayo haikai, inachacha mapema kuliko sembe.

Kuna na safari. Ukitoka Chanika kwenda Kariakoo kufuata dumu moja, nauli ya kwenda na kurudi, bajaji ya kubebea mzigo kutoka kituoni na siku nzima ambayo hukufungua genge lako vinaimaliza ile faida. Wanaofurahia bei za jumla za Kariakoo, Tandale kwa nafaka, Mabibo kwa ndizi na matunda au mnada wa samaki wa Feri ni wale wanaokwenda na orodha ya vitu vingi kwa mara moja, au wanaoishi jirani.

Na Mangi tumtendee haki. Kuvunja dumu la lita 20 kuwa vikopo ni kazi, na mafuta yanamwagika. Anafungua alfajiri na kufunga saa nne usiku. Ana daftari la madeni, na katika daftari hilo wapo watakaohama chumba bila kulipa. Ile 2,150 ya ziada kwa lita haiingii yote mfukoni mwake, maana sehemu yake ni bei ya mkopo usio na fomu wala dhamana, anaopewa mama ambaye benki haimjui. Ukitaka kumshambulia, mshambulie kwa jambo moja tu: kikopo chake hakina kipimo kinachojulikana. Leo ni mililita 70, kesho kimegongwa chini kikabonyea, na bei bado 500.

Nafuu iko wapi, basi? Naiona katika kitu ambacho wanawake wa jiji hili wamekiendesha kwa miaka bila kusubiri semina, nacho ni mchezo. Kijumbe anakusanya, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Fedha hizo kwa kawaida zinaenda kwenye kodi, ada, vitenge, kitanda. Ninachopendekeza ni kwamba wapangaji wanne wa nyumba moja, ambao wanajuana na wanatumia uani mmoja, wafungue mchezo wa pili mdogo ambao hautoi fedha bali unatoa vitu. Rudi kwenye lile dumu. Kila mmoja akitoa 25,000 anaondoka na lita tano, ambazo ni mafuta ya zaidi ya mwezi. Elfu ishirini na tano ni ile elfu moja ya vikopo viwili kwa siku ishirini na tano, yaani fedha ambayo angeitoa vilevile. Kinachohitajika ni kuivuka ile siku ya kwanza, na mchezo ndio daraja la kuivukia. Mfuko wa sukari wa kilo 50, katoni ya sabuni na kiroba cha sembe cha kilo 25 vinagawanyika hivyohivyo. Nauli inalipwa mara moja kwa familia nne.

Vikundi vya aina hii huvunjika kwa mambo madogo, kwa hiyo yasemwe mapema. Vitu vigawanywe siku ileile ya kununuliwa, mbele ya wote, kwa mizani au kwa chombo kimoja kilichokubaliwa, na lisiachwe dumu chumbani kwa mtu kwamba kila mmoja atachota. Anayekwenda sokoni arudishiwe nauli yake na alete risiti. Visiingizwe vitu vya kuoza. Nyanya na mchicha viacheni gengeni, huko fungu la jioni mara nyingi linauzwa kwa bei ya kutupa. Na asishinikizwe mtu kuchangia bidhaa ambayo nyumba yake haitumii. Kuhusu mifuko, tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 mteja mara nyingi analipia mfuko mbadala, kwa hiyo kikapu cha ukili kina faida yake ndogo ya kila siku.

Kuna punguzo lingine kubwa ambalo halitangazwi na yeyote, nalo ni la msimu. Mahindi na mpunga wa mikoa kama Mbeya na Morogoro huvunwa kuelekea katikati ya mwaka, na kwa kawaida bei hulegea miezi inayofuata, halafu inaanza kupanda taratibu mpaka miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati ambapo ada za shule nazo zinadai. Vikoba vingi vinavunjwa Desemba. Yaani wanachama wanapokea akiba yao ya mwaka mzima wakati mchele uko ghali, kila mtu mjini anataka pilau, na Januari inasubiri mlangoni. Najua kwa nini Desemba ilichaguliwa: ada. Lakini kwa nini isivunjwe nusu mwezi wa Julai au Agosti kwa ajili ya mchele na maharage tu, na nusu nyingine ikabaki kwa ajili ya shule? Gunia lililonunuliwa Agosti na kugawanywa kwa wanachama ni ofa ya miezi minne. Bila shaka kuna miaka inayovuruga mpango wowote. Mapema mwaka 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikasuasua, na sukari ikaadimika na kupanda kwa kasi hata Serikali ilipotangaza bei elekezi. Kaya yenye kilo tano ndani iliupita mwezi mmoja bila kuhangaika, na iliyokuwa ikinunua nusu robo ilikutana na kila bei mpya siku ileile iliyotoka.

Mkaa ni mfano huo huo katika sura nyingine. Serikali inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na matangazo ya gesi yako kila kona. Lakini mkaa unauzwa kwa kopo na gesi kwa sehemu kubwa inauzwa kwa mtungi mzima. Anayepata fedha kidogo kila siku atabaki kwenye kopo hata kama kwa mwezi linamgharimu zaidi, mpaka siku gesi nayo itakapouzwa kila mtaa kwa kiasi anachokishika mkononi.

Isidhaniwe kwamba ni sheria ya asili mnunuzi mdogo alipe bei kubwa. Kwenye umeme tumefanya kinyume chake. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, amepangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na akizidi hapo uniti za ziada zinapanda hadi 350. Nchi iliamua kwamba anayetumia kidogo asilipe kama anayetumia kingi. Siombi Serikali ipange bei ya kikopo cha mafuta, tuliyaona ya bei za kupangwa na foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Naomba jambo la chini zaidi, kipimo.

Wakala wa Vipimo umepigana na lumbesa kwa miaka mingi ili mkulima asiibiwe kwenye gunia lililojazwa kupita kiasi. Kazi hiyo iendelee. Lakini gunia hilohilo likifika Dar linavunjwa kuwa visado, makopo na mafungu, na hapo anayeumia si mkulima tena, ni mlaji. Kikopo cha mafuta chenye alama ya mililita, kilichokaguliwa kama mizani ya bucha inavyokaguliwa, hakimzuii Mangi kutafuta faida yake. Kinachobadilika ni kwamba mama anaweza kumlinganisha na Mangi wa mtaa wa pili. Kwenye masoko ambayo halmashauri zinakusanya ushuru kila siku, ushuru huohuo ungetosha kuweka mizani moja ya kuhakiki mlangoni, ya bure kwa kila anayetoka na mfuko.

Na maduka makubwa nayo yabandike bei mbili kwenye rafu, ya pakiti na ya kilo au lita. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni ya namna hiyo mwaka 1998. Mashine za kuchapa vibandiko wanazo, uzito wa kila pakiti tayari uko kwenye kompyuta zao, na hesabu ni ya kugawanya tu. Wakifanya hivyo, kila mteja ataona mwenyewe ni ofa zipi zinazopunguza bei ya kilo na ni zipi zilizopunguza kilo.